Dottie Walters na kazi ya kuwatafutia wazungumzaji majukwaa

Swali: Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ananiandikia kwamba anafundisha shule ya msingi, na kwa miaka sita amekuwa pia emsii wa harusi na mikutano ya kanisa. Katika semina moja alisikia habari za Dottie Walters, mwanamke wa Marekani aliyeanza bila fedha akiwa na watoto wawili wadogo, kisha akaja kuanzisha ofisi ya uwakala wa wazungumzaji. Anataka kujua mwanamke huyo alifanyaje, na kama njia yake inaweza kupitika hapa kwetu. Anasema orodha ya wazungumzaji kumi na wanne anayo, jina la ofisi analo, tovuti imekamilika, na kilichobaki ni wateja. Mwisho anauliza kama aache kufundisha, na kama na yeye mwenyewe ajiweke katika orodha hiyo.

Jibu: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hayo maneno uliyoyapitia haraka, kwamba kila kitu kipo na kilichobaki ni wateja. Nimefanya kazi ya kuwaunganisha wazungumzaji na waandalizi wa mikutano hapa Nairobi kwa miaka kumi na tisa, na maneno hayo nimeyasikia kwa vijana wengi wanaoingia katika kazi hii kwa moyo safi. Maisha ya Dottie Walters yanayajibu vizuri kuliko ninavyoweza mimi, kwani yeye alikuwa na wateja kwa miaka mingi kabla hajaandika jina la mzungumzaji hata mmoja katika orodha yake.

Walters alizaliwa mwaka wa 1925 na kufariki mwaka wa 2007. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliishi Baldwin Park, mji mdogo ulio mashariki ya Los Angeles, pamoja na mumewe Bob, watoto wawili, nyumba ya mkopo, na biashara ya dobi iliyokuwa imelemewa na madeni. Hakuwa na gari wala kazi. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kuandika aliyoyapata katika gazeti la shule yake ya sekondari. Alikwenda kwa gazeti dogo la mji ule, akaambiwa hakuna nafasi ya kuajiriwa, naye badala ya kurudi nyumbani akawaomba wamuuzie nafasi ya matangazo kwa bei ya jumla ili aiuze kwa wenye maduka kwa bei ya rejareja, katika safu ambayo angeiandika mwenyewe kuhusu bidhaa zao. Wakakubali. Kesho yake aliwapakia watoto katika kigari kikuukuu cha kusukuma, akawafungia mto kwa kamba ya kuanikia nguo, akaanza kupita duka baada ya duka. Gurudumu moja lilikuwa likichomoka njiani, naye alikuwa akivua kiatu, akiligonga kwa kisigino hadi lirudi mahali pake, kisha akiendelea na safari.

Wanaokisimulia kisa hiki katika semina husimama kwenye kigari, na naelewa kwa nini, maana picha yake inagusa moyo wa mama yeyote aliyewahi kufanya biashara na mtoto mgongoni. Mimi nakuomba utazame yale mapatano na gazeti. Mwanamke huyu alinunua kwa jumla kitu ambacho mwenyewe hakukimiliki, akakigawa vipande vinavyoweza kununuliwa na mwenye duka la mkate au la viatu, na faida yake ikawa ile tofauti ya bei. Hivyo ndivyo ofisi ya uwakala wa wazungumzaji inavyofanya kazi hadi leo. Kwa maneno mengine, alikuwa amejifunza udalali huu kwa miguu yake kabla ya kuwa na ofisi yoyote, na alijifunzia upande wa anayetoa pesa.

Kisa kingine alichokipenda sana kinahusu duka la dawa. Mwenye duka lile alikuwa mtu wa kuheshimiwa na wafanyabiashara wenzake, na kwa kuwa alikataa kununua tangazo, wengine nao walisita wakifuata mfano wake. Siku moja Walters aliketi ndani ya duka hilohilo akinywa soda, amekata tamaa, mpaka mwanamke aliyekuwa karibu naye akamuuliza ana shida gani. Kumbe alikuwa mke wa mwenye duka, na ndiye aliyekuwa akiamua mambo yote ya matangazo, kwa sababu mumewe alikuwa na moyo laini kiasi kwamba angenunua kwa kila aliyeingia kuomba. Tangazo likapatikana siku hiyohiyo. Walters alikuwa akiomba kwa muda wote huo kwa mtu asiye na uamuzi.

Nakumbuka mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilivyopoteza wiki tatu kwa kosa lilelile. Kampuni moja yenye ofisi Upper Hill ilitaka mzungumzaji wa mkutano wake wa wafanyakazi, na afisa wa rasilimali watu alimpenda sana mtu niliyempendekeza, akanipigia simu karibu kila siku, hata akaniuliza mzungumzaji anapendelea chai au kahawa. Sikujua kwamba bila bei za kulinganisha kutoka kwa watu watatu idara ya ununuzi isingeweza kutoa LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza huduma, na idara hiyo haikuwa imewahi kulisikia jina langu. Siku nne kabla ya mkutano walimchukua mtu mwingine ambaye karatasi zake zilikuwa zimekamilika. Afisa yule aliona haya kunipigia, na sikumlaumu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni nani atakayetia sahihi, na ni karatasi gani anazohitaji mbele yake ndipo atie.

Turudi California. Kutokana na safu ile ya gazeti Walters alijenga biashara ya kuwakaribisha wageni wanaohamia mtaani: wanawake aliowaajiri waliwatembelea majumbani wakiwa na zawadi na hati za punguzo kutoka kwa maduka ya jirani, na wenye maduka ndio waliolipia huduma hiyo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba ilikua hadi ikawa na ofisi nne, wafanyakazi 285 na wateja 4,000 wenye mikataba ya kudumu. Ili kuipigia debe biashara hiyo alianza kuzungumza katika vyama vya wafanyabiashara na mikutano ya mchana, akiwafundisha wenye maduka namna ya kuwatunza wanunuzi wao. Hapo ndipo alipogeuka kuwa mzungumzaji. Mwaka wa 1962 alitoa kitabu kuhusu uwezo wa mwanamke katika kuuza, wakati ambapo mikutano ya wauzaji ilikuwa karibu yote ya wanaume, na kitabu hicho kikamfungulia majukwaa makubwa zaidi.

Uwakala wenyewe ulimjia kwa njia ya kawaida kabisa. Waandalizi waliopendezwa naye walianza kumuuliza nani aje mwaka unaofuata, kwa kuwa mzungumzaji yuleyule hawezi kurudi kila mwaka kwa hadhira ileile. Alikuwa akiwajua wazungumzaji wenzake, na zaidi ya hapo alikuwa akijua wenye mikutano wanataka nini, wanaogopa nini na wanalipa vipi. Ofisi yake ikawa Glendora, si mbali na Baldwin Park. Alichapisha pia jarida la wazungumzaji na mawakala, akawa mmoja wa wanachama wa mwanzo wa chama cha kitaifa cha wazungumzaji cha Marekani, kilichoanzishwa na Cavett Robert mwaka wa 1973, na baadaye akaongoza juhudi za kuwakusanya wenye ofisi za uwakala katika chama kimoja cha kimataifa. Mwaka wa 1989 yeye na binti yake Lilly walitoa kitabu cha kuwafundisha wengine kuishi kwa kuzungumza.

Ni haki niseme kwamba hakuwa wa kwanza duniani kuifanya kazi hii. James Redpath alifungua ofisi ya aina hii Boston mwaka wa 1868, akichukua asilimia 10 ya ada, na miongoni mwa aliowapeleka majukwaani walikuwamo Mark Twain na Anna Dickinson, mwanamke kijana aliyekuwa akijaza kumbi. Wanawake walikuwa jukwaani tangu zamani hizo. Lakini kwenye meza ambako ada inapangwa na tarehe inaandikwa, waliokaa kwa miongo mingi walikuwa wanaume, na ninamheshimu Walters kwa sababu alikaa katika meza hiyo kisha akawavutia wengine viti. Hapa Nairobi tunaye Muthoni Likimani, mtangazaji na mwandishi, aliyefungua ofisi yake mwenyewe ya matangazo na uhusiano mwema, Noni's Publicity, katika zama ambazo mwanamke Mwafrika mwenye ofisi ya namna hiyo mjini alikuwa nadra. Ukitafuta mfano wa karibu na nyumbani, soma maisha yake.

Sasa kuhusu utendaji. Katika ofisi za Marekani desturi ni wakala kuchukua kati ya asilimia 20 na 30 ya ada ya mzungumzaji, na fedha hizo hukatwa ndani ya ada yenyewe, haziongezwi juu ya bei anayotajiwa mteja. Yaani mteja anayempigia mzungumzaji moja kwa moja na anayepitia kwako wanapaswa kusikia bei moja. Shikilia jambo hili kwa mikono miwili, kwa sababu hapa kwetu neno dalali limebeba sifa mbaya, na mteja akigundua kwamba uliongeza shilingi 40,000 juu ya ada bila kumwambia, hatakupigia tena wala hatakueleza kwa nini. Desturi ya pili ni kwamba kazi inayozaliwa na kazi uliyoileta ni yako pia: mtu aliyekuwa ukumbini akimwita mzungumzaji mwezi ujao, mzungumzaji anakurejeshea jina hilo na wewe unapata sehemu yako. Iandike katika mkataba tangu siku ya kwanza na uisome kwa sauti mbele ya mzungumzaji. Nimeona urafiki wa miaka minane ukivunjika kwa sababu kifungu hiki kilibaki katika mazungumzo ya chai.

Kuna jambo la kodi ambalo vijana wengi huligundua wakiwa wameshaumia. Mteja akilipa ada ya kitaalamu inayofikia shilingi 24,000 kwa mwezi, anakata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kwa jina la yule aliyetoa ankara. Tuseme ada ni shilingi 100,000 na sehemu yako ni 25,000. Ukitoa ankara ya kiasi chote kwa jina la ofisi yako, shilingi 5,000 zinakatwa kwa jina lako, ilhali 75,000 za mzungumzaji zinakusubiri uzitoe kamili, na kiasi chote hicho kinahesabiwa kuwa mauzo yako, jambo ambalo litakusogeza haraka kwenye kile kiwango cha shilingi milioni 5 kwa mwaka kinachomlazimu mtu kujisajili kwa kodi ya VAT. Mimi nimeona heri mzungumzaji atoe ankara yake kwa mteja na mimi nimtolee yeye ankara ya sehemu yangu, ingawa wapo wateja wasiokubali kulipa zaidi ya mtu mmoja. Muone mhasibu kabla ya kazi ya kwanza.

Malipo yenyewe huchelewa. Kampuni nyingi hulipa siku 30 hadi 90 baada ya ankara, na ofisi za umma huweza kukaa muda mrefu kuliko huo. Mzungumzaji aliyekwisha kupanda jukwaani hataki kusikia habari za siku 90, naye ana haki. Dai nusu ya ada wakati tarehe inapowekwa, na ikiwa mteja hawezi kutoa nusu hiyo, mweleze mzungumzaji hali ilivyo kabla hajakubali, ili akikubali awe amekubali akijua. Katika miaka yangu yote nimemlipa mzungumzaji kutoka mfukoni mwangu mara tatu. Sikupendekezei uifanye kuwa kawaida, lakini watu watatu hao bado wananipigia simu.

Wateja wako wanapatikana wapi? Hapa ndipo ualimu wako na uemsii wako vinapokufaa kuliko tovuti. Kalenda ya Nairobi ina misimu yake kama shamba. SACCO zinazopokea amana hufanya mikutano mikuu ya mwaka ndani ya miezi minne baada ya kufunga hesabu, kwa hiyo kuanzia Januari hadi Aprili kumbi zimejaa, na nyingi huwa na siku ya elimu kwa wanachama inayohitaji mtu wa kuzungumzia akiba, mikopo au kustaafu. Jumamosi ya kwanza ya Julai ni sikukuu ya Ushirika. Shule za sekondari hutafuta wazungumzaji wa kuwatia moyo watahiniwa kabla ya mtihani wa KCSE, na wewe unawajua walimu wakuu. Kampuni hukusanya wafanyakazi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Jambo jingine ambalo wazungumzaji wengi hawalijui ni kwamba waajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kuomba kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyokubaliwa ikiwa mkufunzi amesajiliwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mzungumzaji wako akiwa na usajili huo, unapozungumza na mwajiri unakuwa na la kumwambia mbali na sifa.

Ila usimpeleke mtu kwa sababu tu tarehe ipo wazi. Miaka ile nilipokuwa nikijivunia orodha yangu, SACCO moja ya wakulima wa chai upande wa Kiambu iliniomba mzungumzaji wa siku ya wanachama, nami nikawapa aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote niliokuwa nao. Alivaa vizuri, akafika mapema, akazungumza kwa dakika 50 kwa Kiingereza safi, na slaidi zenye michoro ya masoko ya hisa ya nchi za nje. Watu walipiga makofi kwa adabu. Tulipokuwa tukingoja chakula, mama mmoja aliyekuwa na kitabu chake cha akiba mkononi alinijia na kuniuliza kwa upole kama mgeni yule angerudi baadaye kuwaambia habari za mkopo wa mbolea, kwa sababu ndizo walizoambiwa angezileta. Nilitafuta jibu na sikulipata. Kosa halikuwa la mzungumzaji hata kidogo, kwani mimi ndiye niliyekuwa sijauliza ni nani watakaoketi katika viti vile, wanazungumza lugha gani, na wameahidiwa nini katika barua ya mwaliko.

Tangu hapo ninakwenda kuona mahali, au napiga simu na kuuliza mpaka niweze kuiona hadhira kichwani. Pia nilianza kuwatafuta watu ambao katika fasihi simulizi tunawaita walumbi, wale wanaoweza kushika mkutano kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama bila slaidi, kwa methali, kwa kunyamaza mahali panapostahili, na kwa swali linalojibiwa na umati mzima. Mzee mmoja niliyempata hivyo, mwalimu mstaafu asiyekuwa hata na picha ya kuweka kwenye tangazo, ndiye anayeitwa zaidi katika orodha yangu leo. Naamini kwa dhati kwamba eneo hili bado lina nafasi kubwa hapa mjini, na kwa kuwa wewe ni mwalimu na emsii wa kanisa, una sikio la kuwatambua watu hawa wanapofungua kinywa.

Kwa hiyo, kati ya wale kumi na wanne ulionao, ningependa ubaki na wale uliokwisha kuwasikia wewe mwenyewe mbele ya watu, hata wakiwa wanne. Wengine wape heshima ya kwenda kuwasikiliza kwanza. Kisha chukua daftari, uandike majina ya mikutano yote uliyosimamia kama emsii kwa hiyo miaka sita, na mbele ya kila jina uandike aliyekulipa kwa mkono wake. Hao ndio wenye maduka wako. Waendee bila kuuza chochote, uwaulize mkutano wao ujao ni lini na mzungumzaji wa mwisho aliwaacha na malalamiko gani. Nakadiria kwamba utakaporudi kutoka kwa watu ishirini, utajua mzungumzaji wa kumi na tano awe wa namna gani, na wawili watatu watakuwa wamekupa tarehe.

Kujiweka katika orodha ni jambo alilolifanya Walters, alizungumza na kuwakilisha wengine kwa wakati mmoja, na hakuna ubaya mradi mteja ajue. Tatizo huja pale kazi inapokufaa wewe na mwenzako kwa usawa. Mimi nilijiwekea sharti kwamba simu ikiingia kupitia ofisi, natoa majina matatu na langu halimo. Akinitaka mimi, mteja mwenyewe ndiye atakayelitaja.

Na kuhusu kazi ya ualimu, usiiache mwaka huu. Mikutano mingi ya SACCO na ya makanisa huangukia Jumamosi, likizo ya Agosti itakupa wiki nzima za kutembelea ofisi, na malipo ya kazi utakayoifanya Machi unaweza kuyaona Juni. Mshahara wako ndio utakaomlipa mzungumzaji wako wa kwanza kwa wakati mteja akichelewa. Ukiwa tayari kwenda kwa wale watu ishirini, niandikie tena uniambie wamesema nini, nami nitakusomea rasimu ya mkataba wako bila malipo.